Uzi: Mpwa wangu alirudi kutoka Ujerumani na ugonjwa wa Lyme, na gharama kubwa haikuwa kwenye dawa

Mjomba wa Mikindani

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, habari za wakati huu, na wakubwa wote shikamooni. Ninaandika kwa sababu vijana wetu wengi siku hizi wanakwenda Ulaya na Marekani kusoma, kujitolea au kulea watoto wa watu, na wakirudi na maumivu tunaanza na malaria, tunahamia taifodi, kisha tunaishia kwa mganga. Sisi tulipita njia hiyo kwa wiki saba, kumbe ni Lyme, ugonjwa wa bakteria wanaoenezwa na kupe. Kila shilingi niliiandika kwenye daftari, kwa hiyo hesabu nitakazozitaja si za kukisia.

Kwetu Wamakonde mtoto wa dada ni wa mjomba, ndiyo maana mzigo huu ulinifikia mimi moja kwa moja. Mpwa wangu ana miaka 20. Alikaa mwaka mmoja Bavaria, kusini mwa Ujerumani, katika mpango wa vijana wa kujitolea, akihudumia wazee siku za kazi na kutembea msituni na familia iliyompokea siku za mapumziko. Alirudi nyumbani mwishoni mwa Julai. Wiki ya pili ya Agosti akaanza kulalamikia maumivu katikati ya mabega, maumivu ya kuchoma yaliyomwamsha saa nane usiku na kutulia kukipambazuka. Dada yangu alimkanda kwa maji ya moto, akampaka mafuta ya nazi, na hakuna kilichosaidia.

Tulianza kwa kipimo cha haraka cha malaria, kikaonyesha hana, lakini tukapewa dawa ya malaria hata hivyo. Kituo cha pili kilipima taifodi kwa kipimo cha Widali, kikasema ipo, akachomwa sindano kwa siku tano. Kituo cha tatu kilipiga picha ya mgongo, mgongo ukaonekana hauna tatizo. Kisha asubuhi moja mwanzoni mwa Septemba tukiwa tunakunywa chai, nikaona chai inamtoka pembeni mwa mdomo na yeye hana habari. Nilimwambia afumbe macho. La kushoto lilifumba, la kulia likabaki wazi, weupe wake ukageuka juu. Dada alilia palepale. Majirani wakasema amepigwa na upepo mbaya, na mzee mmoja wa ukoo akatuelekeza kwa mganga. Tulikwenda, na simlaumu mtu kwa hilo, kwa sababu mtu mwenye mtoto ambaye uso umepinda hukubali lolote.

Aliyetutoa gizani ni daktari kijana wa hospitali ya rufaa, na alitutoa kwa swali moja tu: "Mwaka huu ulikuwa unaishi wapi?" Katika vituo vyote tulivyopita hakuna aliyeliuliza, na sisi wenyewe hatukulisema, kwa kuwa tulidhani ugonjwa wa Mtwara unatoka Mtwara. Alipoambiwa Ujerumani, akauliza kama aliwahi kuumwa na kupe au kutokewa na doa kwenye ngozi. Mpwa wangu hakukumbuka kupe yeyote. Doa alilikumbuka, nyuma ya goti, mwezi Juni, akadhani amejigonga. Usiku ule alimwandikia mama wa familia ya kule, na asubuhi ikaja picha waliyopiga ziwani, yeye amesimama kando ya maji na mguu unaonekana vizuri.

Naomba niieleze picha hiyo, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kipimo chetu cha kwanza cha maana. Picha nyingi za doa la Lyme ni za watu weupe, nazo huonyesha duara jekundu lenye kitovu, kama shabaha ya kulengea. Kwenye ngozi yetu halikuwa jekundu. Lilikuwa kama vilio la damu, jeusi kuliko ngozi ya pembeni, pana kuliko kiganja, katikati pamefifia kidogo. Daktari alituambia kwamba doa hilo hujitokeza kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa, huzidi kupanuka siku hata siku, aghalabu haliwashi wala haliumi, na kwamba mgonjwa akija nalo huanzishiwa dawa kwa kuangaliwa tu, kwani kipimo cha damu wiki za mwanzo mara nyingi husema hakuna kitu. Kwa watu weusi huchelewa kutambuliwa hata hukohuko Marekani, kwa sababu hiyo hiyo ya rangi.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, Lyme ni jina la mji mdogo wa jimbo la Connecticut, Marekani. Mwaka 1975 akina mama wa pale waliona watoto wengi wa mtaa mmoja wanavimba magoti, na mmoja wao, Polly Murray, ambaye kwa miaka alikuwa akiandika dalili za watu wa nyumba yake huku madaktari wakimpuuza, aliwapelekea maofisa wa afya wa jimbo taarifa hizo. Mtaalamu Willy Burgdorfer ndiye aliyewapata bakteria ndani ya kupe, na mwaka 1982 taarifa yake ikachapishwa. Bakteria hao wanaitwa Borrelia burgdorferi kwa jina lake. Ulaya wapo ndugu zao, na mmojawapo, Borrelia garinii, hupenda mishipa ya fahamu. Ndiyo maana ugonjwa wa Ulaya huweza kuanza na maumivu ya mgongo ya usiku na uso kupooza, kama ilivyokuwa kwetu, bila goti kuvimba.

Hospitalini walimchukua maji ya uti wa mgongo. Chembe nyeupe zilikuwa nyingi, kifua kikuu hakikuonekana, VVU hana. Daktari hakungoja zaidi. Siku ileile alimwandikia doksisaiklini ya miligramu 100, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku 21. Niliposema kwa hofu kwamba dawa hiyo ni ya kawaida mno, hata madukani kwetu ipo, alinieleza kwamba watafiti wa Norway mwaka 2008 waliilinganisha na sindano za seftriaksoni za mshipani kwa wagonjwa wa Lyme ya mishipa ya fahamu, na vidonge vikafanya kazi sawa na sindano. Alionya tu asimeze na maziwa, kwa sababu maziwa huzuia dawa isiingie mwilini ipasavyo, ameze na maji mengi akiwa amekaa, na ajikinge na jua. Shangazi yake alikuwa akimpikia uji wa maziwa kila asubuhi, tukauhamishia mchana. Jicho lisilofumba lilitiwa matone mchana, na usiku dada alilifunga kwa plasta ya karatasi, akianzia kwenye kope la juu na kushuka taratibu, kwa sababu jicho linalolala wazi hukauka na kupata kidonda.

Sasa daftari. Vipimo na dawa za malaria na taifodi: shilingi 118,000. Picha ya mgongo: 35,000. Mganga: 150,000. Bajaji na bodaboda: 64,000. Hospitali ya rufaa pamoja na maji ya mgongo: 60,000. Safari ya watu wawili kwenda Dar es Salaam na kurudi, pamoja na chakula: 215,000. Kipimo cha damu katika maabara binafsi iliyokipeleka nje ya nchi: 260,000. Jumla ni 902,000. Vidonge 42 vya doksisaiklini nilivinunua kwa 8,400. Hata moja katika mia haikufika.

Fedha hiyo ilitoka kwenye akiba ya kuwalipa wapuliziaji wa mikorosho, maana Agosti na Septemba mkulima wa huku hana kitu, anasubiri mnada. Dada alikuwa na kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya mfuko wa afya ya jamii, ambayo wakati ule ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu 6 kwa mwaka, lakini binti alipoondoka nafasi yake ilipewa mdogo wake, na aliporudi hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Bima aliyokuwa nayo Ujerumani iliisha siku aliyoondoka. Akaumwa katikati ya bima mbili.

Safari ya Dar ninaijutia zaidi kuliko mganga. Kilichotakiwa Dar ni damu, na damu ingeweza kusafiri peke yake kutoka hospitalini. Tulikwenda kwa sababu tuliogopa, na mgonjwa mwenye mgongo unaowaka alikaa kwenye basi zaidi ya kilomita 500 kwa ajili ya majibu yaliyokuja siku 12 baadaye, wakati dawa ilishamaliza zaidi ya nusu ya kazi.

Mama Wawili, Masasi

Shikamoo mjomba, na pole sana kwa msukosuko. Umenitia hofu kidogo. Mwanangu wa kiume ana miaka 5 na miezi minne. Juma lililopita alikuwa kwa babu yake akicheza na mbuzi, akarudi na kupe nyuma ya sikio. Bibi yake alimpaka mafuta ya taa ili kupe aachie. Tangu juzi ana homa, kichwa kinamuuma, na mahali pale pana kidonda kidogo chenye gamba jeusi, tezi za shingo zimevimba. Malaria amepimwa, hana. Je, huu ndio ugonjwa wenyewe? Nimpeleke Dar?

Mjomba wa Mikindani

Marahaba, mama. Pole na mgonjwa. Mimi ni mkulima, sitaki kukujibu kwa kubahatisha juu ya mtoto. Yupo dada yetu wa Lindi aliyestaafu uuguzi ambaye husoma humu, namwomba asaidie. Usingoje majibu yetu lakini, mpeleke kituo cha afya leo.

Muuguzi Mstaafu, Lindi

Nimesoma yote, na mama wa Masasi nakujibu kwanza. Lyme huenezwa na kupe wa jamii ya Ixodes wa misitu ya Ulaya, Amerika ya Kaskazini na sehemu za Asia, na haijulikani kuenea hapa kwetu. Kwa mtoto ambaye hajatoka nje ya nchi, usiifikirie. Lakini kupe wetu nao wana maradhi yao. Gamba jeusi mahali alipoumwa, homa, kichwa na tezi ni picha ya homa ya kupe inayoletwa na vijidudu vya riketsia, na hiyo inatibika kituo chochote chenye doksisaiklini. Wakikwambia mtoto mdogo haruhusiwi dawa hiyo kwa sababu ya meno, mwombe daktari aamue mwenyewe, kwa kuwa miongozo ya sasa ya magonjwa ya riketsia inairuhusu kwa watoto wa umri wote inapotumika siku chache. Mwonyeshe kidonda nyuma ya sikio, usisubiri aulize. Dar hakuna haja.

Mafuta ya taa, moto wa sigara, chumvi, vyote tuviache. Kupe akikerwa hutapika alichonacho ndani ya jeraha. Mkamate kwa kibano chenye ncha nyembamba, karibu kabisa na ngozi, umvute wima bila kumzungusha, kisha osha kwa sabuni. Kwa wanaoishi kwenye nchi zenye Lyme, kupe wa huko kwa kawaida huhitaji kunyonya zaidi ya saa 24 ndipo aambukize, kwa hiyo kujikagua kila jioni, nyuma ya magoti, kinenani, kwapani na kwenye nywele, kunazuia sehemu kubwa ya ugonjwa.

Mjomba ameeleza vizuri, ila naongeza jambo moja ambalo linaniuma. Lyme ina ndugu wa damu hapa nchini, nayo ni homa ya papasi, ile homa ya kujirudia. Bakteria wake, Borrelia duttonii, wamepewa jina la Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyekufa kwa homa hiyo Kongo mwaka 1905 alipokuwa akiichunguza. Papasi hakai mwilini kama kupe wa ng'ombe. Anaishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, anatoka usiku, ananyonya kwa dakika chache na kurudi alikotoka, kwa hiyo mtu huamka hajui kama aliumwa. Nilifanya kazi Dodoma nikiwa kijana, na wakati ule mtaalamu wa maabara alitandaza tone la damu kwenye kioo kutafuta malaria, akawakuta hawa wakijikunja kama nyuzi katikati ya chembe za damu. Siku hizi kipimo cha haraka kikisema hakuna malaria, hakuna anayeangalia kwenye darubini. Mtu akiwa na homa inayokatika siku kadhaa kisha inarudi kwa kishindo, hasa mjamzito, ambaye inaweza kumharibia mimba, ombeni damu iangaliwe kwa darubini wakati homa imepanda. Ni kipimo cha bei ndogo.

Na hili linahusu pia wanaofikiria kulipia kipimo cha Lyme: aliyewahi kuugua homa ya papasi au kaswende anaweza kupata majibu ya Lyme yenye kudanganya katika hatua ya kwanza. Ndiyo maana kipimo hufanywa kwa hatua mbili, na ndiyo maana kwa mtu ambaye hajasafiri majibu hayo hayana thamani ya fedha yake.

Mwana wa Ruangwa

Habari zenu, na asanteni kwa maelezo haya. Kaka yangu anaishi Pennsylvania, Marekani. Alitibiwa Lyme miaka miwili iliyopita kwa vidonge vya wiki mbili, doa likaisha, lakini hadi leo anachoka, viungo vinamuuma na hawezi kukazia akili kazi yake. Sasa kuna kliniki binafsi imemwambia bakteria wamejificha, inataka kumtundikia dawa za mshipani kwa miezi sita, na bima yake imekataa kulipa. Ametuomba nyumbani tumchangie, na mama anataka kuuza ekari mbili za mikorosho. Tufanyeje?

Mjomba wa Mikindani

Ndugu yangu, tafadhali mama asiuze kwanza. Nilimuuliza daktari wetu swali hilo kwa niaba ya mpwa wangu, kwa kuwa mtandaoni nilikuwa nimesoma mengi ya kutisha.

Alichoniambia ni kwamba mateso ya kaka yako ni ya kweli, asiambiwe anajifanya. Wapo wagonjwa ambao baada ya tiba kamili hubaki na uchovu, maumivu na akili nzito kwa miezi, wengine zaidi. Kinachobishaniwa ni kama antibaiotiki za muda mrefu zinawasaidia, na hilo limepimwa zaidi ya mara moja. Uholanzi walichukua wagonjwa takriban 280 wenye hali kama hiyo, wote wakapewa seftriaksoni wiki mbili, kisha wengine wakaendelea na antibaiotiki wiki 12 na wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: walioendelea na dawa hawakuwa na nafuu kuliko wenzao. Wakati huohuo mrija unaokaa mshipani kwa miezi unaweza kuleta maambukizi ya damu na damu kuganda, na watu wamewahi kufa kwa hayo.

Kwa hiyo kabla ya ekari, mwulize kaka mambo mawili. Kwanza, je, ameonwa na daktari bingwa wa magonjwa ya maambukizi au wa mishipa ya fahamu katika hospitali ya chuo kikuu, ambaye hauzi hiyo dawa? Pili, je, tezi ya shingo, upungufu wa damu, usingizi na msongo vimechunguzwa, au kila kitu kimeitwa Lyme? Na kama kliniki hiyo inamwonyesha kipimo cha damu kuwa ndicho ushahidi kwamba bakteria bado wapo, ajue kwamba kingamwili za Lyme hukaa kwenye damu miaka mingi baada ya mtu kupona. Kipimo kinasema aliwahi kuugua. Hakisemi kama anaugua leo. Kama mnataka kumchangia, mchangieni aonwe na mtu wa namna hiyo. Ekari zikiuzwa hazirudi, na mikorosho mipya hungoja miaka kabla ya kuzaa vizuri.

Mwana wa Ruangwa

Nimemsomea mama ujumbe huu neno kwa neno. Amesema tusubiri. Kaka amekubali kutafuta miadi na bingwa.

Mama Wawili, Masasi

Narudi kuwashukuru. Nilimpeleka jioni ileile. Nilimwonyesha tabibu kidonda kabla hajaniuliza, kama dada wa Lindi alivyosema, naye akatamka mwenyewe kuwa ni homa ya kupe. Siku ya pili ya dawa homa ilishuka, leo anakimbia. Msamaha wa watoto chini ya miaka 5 haukumhusu kwa sababu ya ile miezi minne, lakini kumwona daktari na dawa vyote havikufika 15,000. Nimempa bibi yake kibano kizuri na chupa ya mafuta ya taa nimeiondoa kwenye kabati la dawa. Mjomba, mpwa wako sasa yukoje?

Mjomba wa Mikindani

Mungu ashukuriwe kwa mtoto. Mpwa wangu maumivu ya usiku yalimwachia wiki ya pili ya dawa. Uso ulirudi polepole, kwanza paji la uso, kisha mdomo, na kufikia mwisho wa Oktoba alikuwa anapuliza mshumaa bila hewa kuvuja. Akicheka sana jicho la kulia bado linajikunja kidogo, na daktari anasema huenda likabaki hivyo. Wiki hii ameanza chuo. Damu hatujarudia kupima na hatutarudia, kwa sababu niliyomweleza ndugu wa Ruangwa.

Jina lake limerudi kwenye kadi ya CHF. Wenzake watatu waliokuwa naye Ujerumani wanarudi Julai, na amewaandikia wakaguane ngozi mwezi huu wakiwa bado na bima ya kule, wapige picha doa lolote wasilolielewa pamoja na tarehe, na waende kwa daktari wa hukohuko kabla ya kupanda ndege. Wapuliziaji niliwalipa baada ya mnada wa pili.